Jinsi ya kufuatilia kashfa za wakubwa bila kupasuka kichwa na bila kugeuka mbea

Mimi sio mwandishi wa habari wala mwanasheria, ni mtu wa kawaida tu naamka asubuhi kuhangaika na maisha kama nyie, ila kashfa nimezifuatilia miaka mingi na makosa yote ambayo mtu anaweza kuyafanya nimeshayafanya. Nimeshamtukana mtu ambae baadae ilikuja kuonekana hana hatia. Nimeshamtetea mwingine mpaka nikanuniana na shemeji yangu, miezi sita mbele yule bwana akakiri mwenyewe mahakamani, na shemeji mpaka leo kila tukikutana lazima anikumbushe. Kwahiyo haya ninayoandika nimeyajua kwa kuumbuka, sio kwa kusoma.

Cha kwanza kabisa, siku kashfa inalipuka wewe nyamaza. Soma, sikiliza, cheka kama inachekesha, lakini usiandike popote na usiape kwa mtu. Siku ya kwanza kila kitu kimepinda, kidogo kinaonekana kikubwa na kikubwa kinaonekana kidogo. Chukulia ile ya Watergate kule Marekani. Tarehe 17 Juni 1972 wamekamatwa watu watano wameingia usiku kwenye ofisi za chama cha upinzani, na ikulu ikaipuuza kama wizi wa kawaida tu wa vibaka. Watu wengi wakaamini, na Novemba mwaka huohuo Rais Nixon akashinda uchaguzi kwa kuchukua majimbo 49 kati ya 50, yaani kashfa iko mezani kabisa na mtu anapewa kura za kufa mtu. Mpaka anajiuzulu ilikuwa Agosti 1974, miaka miwili na ushee. Sasa hebu fikiria mtu alieapa siku ile ya kwanza kwamba hakuna kitu, aliishije na majirani zake. Na jambo lenyewe halikuanzia kwa kigogo yeyote, lilianzia kwa mlinzi wa jengo, Frank Wills, kijana wa kawaida tu wa zamu ya usiku, aliona kitasa cha mlango kimebandikwa utepe ili mlango usijifunge, akautoa akaendelea na doria, aliporudi akakuta umebandikwa tena, ndo akapiga simu polisi. Mimi huyu jamaa nampenda kuliko wote kwenye hadithi ile.

Alafu jiulize hii kashfa ni ya chumbani au ya mfukoni. Kama ni watu wazima wawili wamekubaliana mambo yao, hakuna aliyelazimishwa, hakuna aliyetumia cheo kumbana mwenzie na hakuna hela ya umma iliyolipia hoteli, basi huo ni umbea. Soma kama unapenda umbea (mimi nasoma, sijifichi) ila usijidanganye kwamba unafuatilia mambo ya nchi. Zenye utamu ni za chumbani, zinazokugusa wewe ni za mfukoni, na za mfukoni zinachosha kusoma, ndo maana wapigaji wanalala usingizi.

Zinachosha kwa sababu ya namba. Ukiambiwa bilioni, ubongo unakuwa kama umeambiwa "nyingi" tu, milioni nyingi, bilioni nyingi, trilioni nyingi, zote zinafanana. Mimi nilifundishwa ujanja mmoja wa kutumia sekunde. Sekunde milioni moja ni kama siku 11 na nusu. Sekunde bilioni moja ni karibu miaka 32. Trilioni ni zaidi ya miaka elfu 31, yaani huko nyuma hata kilimo chenyewe watu walikuwa hawajakianza. Ukishaelewa hivyo, siku nyingine mtu akikosea akasema bilioni badala ya milioni hutasema "si ndo hayohayo tu". Ujanja wa pili ni kugawanya, chukua hela iliyopigwa gawanya kwa idadi ya watu wa nchi hiyo, uone kila kichwa mpaka cha mtoto mchanga kimechangia shilingi ngapi. Ile ya 1MDB kule Malaysia, wizara ya sheria ya Marekani ilisema zimechotwa kama dola bilioni 4.5 kwenye mfuko wa maendeleo ya wananchi. Gawanya kwa watu milioni 30 na kitu, unapata kama dola 140 hivi kila mtu. Hapo sasa ndo unaelewa kwanini watu walikasirika mpaka chama kilichotawala tangu uhuru kikaangushwa kwenye uchaguzi wa 2018, na waziri mkuu wa zamani Najib Razak akahukumiwa 2020 na kuingia gerezani 2022.

Sasa njoo kwenye karatasi. Kila kashfa ya hela ina maswali matatu ya kitoto: nani kasaini, hela imetoka mfuko gani, na hicho kitu kilicholipiwa kipo? Msidharau hilo swali la tatu jamani. Goldenberg ya Kenya miaka ya mwanzo ya 90 ingeweza kufa mapema kama watu wangeng'ang'ania swali hilo tu. Serikali ilikuwa inalipa kampuni hiyo ya Goldenberg fidia ya kusafirisha dhahabu na almasi nje ya nchi, ilifika mpaka asilimia 35, ili nchi ipate fedha za kigeni. Sasa hizo almasi zinachimbwa wapi? Kenya haikuwa na machimbo ya almasi, na dhahabu yake ilikuwa kiduchu. Mtu yeyote wa kawaida aliyesoma jiografia ya shule ya msingi angeuliza. Aliyeshtuka ni karani wa benki kuu, David Munyakei, makaratasi yalikuwa yanapita mezani kwake na yeye akaona hesabu hazikai sawa, akayafikisha kwa wabunge. Unajua alipata nini? Alikamatwa, akashtakiwa, kazi ikaota mbawa, na alikufa 2006 akiwa maskini kabisa. Heshima alipewa, tuzo alipewa, ajira hakurudishiwa. Nikisikia mtu anasema "kwanini hao wa ndani hawasemi" huwa namkumbuka huyu karani na nanyamaza kidogo.

Sasa kuna jambo lingine naomba nikae nalo zaidi, la kuamini haraka kwamba anaeshtakiwa ndo mwizi, maana hili ndo lilinibadilisha. Tunao msemo wetu, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi naomba kwenye kashfa huu msemo tuuweke kabatini. Kule Uingereza shirika la posta lilianza 1999 kutumia mfumo wa kompyuta unaitwa Horizon, umetengenezwa na Fujitsu. Mfumo ukawa unaonyesha hela zimepungua kwenye vituo vidogo vya posta, wale wanaoendesha vituo ni watu wa mtaani kabisa, wazee wa kijijini, mama anaejulikana na kila mtu. Shirika likasema nyie mmeiba. Wengine walilipa pengo kwa akiba zao, wengine waliweka nyumba rehani, wengine walifungwa, wengine walijiua. Na kila aliyepiga simu kulalamika kwamba huu mfumo una tatizo, wengi wanasimulia kwamba waliambiwa ni wewe peke yako, wenzio wote wako sawa. Waliotiwa hatiani wamepita 900! Majirani nao wakafanyaje, si wakasema lisemwalo lipo, wakaacha kuwasalimia, watoto wao wakazomewa shuleni. Kumbe mfumo ndo ulikuwa na kasoro. Gazeti moja la mambo ya kompyuta liliandika tangu 2009, mahakama ikakubali 2019 kwamba mfumo ule haukuwa wa kuaminika, lakini taifa zima lilikuja kushtuka Januari 2024 baada ya kuonyeshwa tamthilia kwenye televisheni, na mwaka huohuo bunge likapitisha sheria ya kuwafutia hatia. Miaka zaidi ya 20 jamani.

Nilivyolielewa hili ni kwamba kashfa yenyewe ilikuwepo siku zote ila sisi watazamaji tulikuwa tunaangalia upande mbaya, tunawaangalia wanaoshtakiwa badala ya anaeshtaki. Kwahiyo siku hizi nikiona mdogo anasulubiwa na mkubwa amekaa pembeni anatoa taarifa kwa waandishi, nasubiri mara mbili. Sio kwamba wadogo hawaibi, wanaiba sana tu. Ila mdogo hana msemaji.

Jifunze pia lugha yao, haichukui muda. "Nimekaa pembeni kupisha uchunguzi" maana yake mshahara unaendelea. "Hizi ni siasa za kuchafuana" maana yake hajajibu swali. "Tumeunda kamati" uliza papo hapo inamaliza lini na ripoti itasomwa wapi, kama hakuna tarehe basi funika kombe mwanaharamu apite. Na ile nyingine ya kwamba ni watumishi wachache wasio waaminifu, hii ipo dunia nzima. Volkswagen walipokamatwa 2015 wameweka programu kwenye magari ya dizeli inayotambua kwamba gari liko kwenye kipimo cha moshi na kulifanya lijiheshimu, likitoka barabarani linafuka hadi mara 40 ya kiwango kinachoruhusiwa, bosi wa kampuni hiyo kwa upande wa Marekani aliwaambia wabunge ni mainjinia wachache tu ndo walifanya. Magari milioni 11! Wachache gani hao. Baadae mashtaka yalipanda mpaka kwa aliyekuwa mkuu wa kampuni nzima.

Kwenye magrupu sasa. Klipu ikija, kabla ya kuirusha angalia ni ya lini, maana nusu ya klipu zinazozunguka wakati wa kashfa ni za miaka ya nyuma mtu anaongelea kitu kingine kabisa. Skrinshoti isiyoonyesha ilipotoka, achana nayo. Na ukiwa umeshakosea umerusha uongo, rudi kwenye grupu hilohilo useme nilikosea, inauma kidogo ila watu wataanza kukuamini, mimi shemeji amenisamehe nusu kwa sababu hiyo. Kingine, mkiwa mezani mnakula usianzishe, tafadhali, kashfa haijawahi kuisha mezani, inaisha na mtu kubeba sahani yake kwenda chumbani.

Kuna watu watakwambia wewe unawasema wakubwa wakati juzi umepita mlango wa nyuma kwa sababu mjomba anafanya kazi pale. Ni kweli, nimepita, na sikujisikia vizuri. Lakini hoja ya "wote ni wezi" inamnufaisha nani? Mimi niliyeruka foleni ya watu sita sifanani na aliyehamisha fedha za dawa, na yeye anatamani sana nikubali kwamba tunafanana. Acha kuruka foleni, na endelea kuuliza, havizuiliani.

La mwisho ndo kubwa kwangu, na halihitaji akili nyingi. Nunua daftari. Kashfa haziishi kwa kutatuliwa, zinaisha kwa sisi kuchoka na nyingine kuingia. Kwenye daftari andika tarehe, nani kasema nini, kiasi gani, nani ameahidi nini na lini. Mistari mitano inatosha. Baada ya miezi mitatu fungua tena. Bila kuandika utajidanganya, nakuhakikishia. Angalia sisi Watanzania na Richmond. Februari 2008 kamati teule ya bunge ilisoma ripoti juu ya mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni hiyo, Edward Lowassa akajiuzulu uwaziri mkuu, yeye siku zote alisema hakutendewa haki. Wapinzani walimsema majukwaani miaka na miaka. 2015 akahamia upinzani akawa mgombea wao wa urais na kura zake zilipita milioni 6. Sisemi nani alikuwa sahihi, kila mtu ana lake. Nachosema ni kwamba mwaka ule niliwauliza watu kumi hivi, wa pande zote, mwaka 2008 wewe ulikuwa unasemaje, na karibu wote waliniambia walikuwa wanasema hichohicho wanachosema sasa. Haiwezekani bwana! Mimi mwenyewe nilijiambia hivyohivyo, nikaenda kufungua daftari langu la zamani, nikakuta mwandiko wangu unasema kitu kingine kabisa.

Daftari la sasa hivi lina kurasa tisa za kashfa ambazo bado hazijaisha. Juzi nimefungua moja, kuna mkubwa aliahidi mbele ya kamera kwamba ripoti itatoka ndani ya siku 90. Nikahesabu kwa kalenda, ilikuwa siku ya 412. Nikaiandika hiyo namba pembeni kwa peni nyekundu, nikaipiga picha nikaituma kwa shemeji, hajajibu bado, nikaenda kuanua nguo maana mvua ilishaanza.