SOMO: Kumhudumia mgonjwa mwenye matatizo ya usingizi (kabla hujakimbilia kidonge)

Habarini wote. Hili somo nawaandikia manesi wenzangu hasa wanaozunguka shifti za usiku, na wale wanaouguza wazazi au ndugu nyumbani pia litawafaa. Presha tunaifuatilia, sukari tunaifuatilia, kidonda tunakisafisha kwa wakati, ila mgonjwa akisema sijalala tunampa pole halafu tunasogea kitanda kinachofuata. Wakati huohuo mtu asiyelala maumivu yake yanazidi, sukari inagoma kushuka, na wazee ndo hao unakuta usiku wa manane kachanganyikiwa anang'oa kanula (kimrija cha dripu mkononi) anataka kwenda kwake. Naomba tuelewane kwa hili moja, kabla ya kuomba dawa ya usingizi tafuta kwanza kinachomzuia kulala, mara nyingi sana kipo na kinatolewa bila kidonge.

HATUA YA 1: Muulize mpaka uelewe

Kuna anayejigeuza kitandani masaa mawili usingizi hauji. Kuna anayelala vizuri saa tatu ila saa nane usiku macho makavu na ndo basi mpaka kunakucha. Kuna anayelala usiku kucha lakini anaamka kachoka kuliko alivyolala, na kuna yule anayesinzia mchana katikati ya maongezi. Hawa wote watakwambia wana shida ya usingizi ila matibabu yao ni tofauti kabisa, kwahiyo uliza anapanda kitandani saa ngapi, anakaa muda gani ndo usingizi umchukue, anaamka mara ngapi na nini kinamwamsha (mkojo? maumivu? kikohozi? kubanwa pumzi? mawazo?), mchana analala, jioni anakunywa nini, anavuta sigara, pombe je, na dawa zote anazotumia hata zile za kununua mwenyewe. Kahawa usiipite juu juu, kafeini inachukua kama masaa 5 kupungua nusu mwilini na kwa wengine zaidi ya hapo, kwahiyo kikombe cha saa kumi na moja jioni saa nne usiku bado kinafanya kazi.

Tatizo likitokea angalau usiku 3 kwa wiki, likafika miezi 3, na mchana linamharibia shughuli zake, hapo tunasema ni kukosa usingizi sugu. Kwa anayesinzia mchana tumia kipimo cha Epworth, ni maswali 8, kila moja alama 0 mpaka 3, jumla ikizidi 10 mpeleke kwa dokta na mwambie asiendeshe gari mpaka aonwe. Muulize na hali ya moyo wake pia, huzuni na wasiwasi vinakula usingizi sana, na ukiona kakata tamaa muulize wazi kama anawaza kujidhuru, usiogope kwamba kuuliza ndo utampa wazo, haiko hivyo.

Halafu muulize anayelala naye chumba kimoja. Mwenyewe hajui kama anakoroma, anarusha miguu au anatembea usingizini.

HATUA YA 2: Mwangalie akiwa amelala

Hii ndo hatua tunayoiruka na ndo yenye utajiri wote. Simama pale miguuni kwake, zima tochi, usimguse, mwangalie kifua na tumbo dakika kadhaa. Mtu mwenye tatizo la pumzi kukatika usingizini utamsikia anakoroma kwa nguvu, halafu ghafla kimya. Ukimya huo unadanganya, utadhani katulia, kumbe angalia vizuri kifua na tumbo vinavutana vinapambana lakini hewa haipiti kwasababu koo limejifunga. Pumzi ikikata sekunde 10 au zaidi inahesabika, wengine inafika nusu dakika na kuendelea, kisha anashtuka kwa mkoromo mkubwa kama anayezama akatoa kichwa nje ya maji, anageuka, anaanza upya. Usiku mzima hivyo. Asubuhi ana kichwa kinauma, mdomo mkavu, na presha haishuki hata dawa ziongezwe.

Ukiona hivyo hesabu sekunde, mvalishe oksimita kidoleni uone oksijeni inashuka mpaka ngapi, muinue kichwa cha kitanda kama nyuzi 30 au mlaze ubavu, andika saa na ulichokiona, mpe taarifa dokta. Kama oksijeni imeshuka na haipandi tena au haamki vizuri ukimwita, hiyo ni dharura, usingoje asubuhi. Na hapa jamani tuwe makini, mgonjwa wa namna hii ukimpa diazepamu (ya kutuliza) au mofini (ya maumivu makali) bila kumfuatilia unamwondolea ule mshtuko unaomwamsha avute hewa. Waliotoka theatre usiku wa kwanza ndo hatari zaidi.

HATUA YA 3: Pitia chati ya dawa

Furosemaidi (dawa ya kukojoza maji ya mwili) ya jioni inampeleka chooni usiku kucha, omba dozi ya pili isogezwe iwe mapema mchana. Prednisoloni (dawa ya steroidi) ipewe asubuhi. Dawa za kufungua kifua, baadhi ya dawa za presha na za sonona nazo zinasumbua usingizi. Usikate wala kuhamisha dawa kwa uamuzi wako, andika unachokiona halafu ongea na dokta au mfamasia, wengi wanakubali palepale ukiwaeleza sababu. Na maumivu! Mgonjwa wa mfupa uliovunjika hakosi usingizi bure, dawa yake ya maumivu ipatikane kabla ya muda wa kulala, sio mpaka aanze kulia.

HATUA YA 4: Angalia wodi, maana mwamshaji mkubwa ni sisi

Naisema hii kwa upendo. Mzunguko mmoja wa usingizi wa mtu mzima ni kama dakika 90. Sasa chukua usiku wa kawaida, saa nne dawa, saa tano na nusu presha, saa saba dripu imeisha mashine inalia, saa nane kumgeuza, saa tisa mwingine anakuja kupima joto, saa kumi na moja damu ya maabara. Huyo alale saa ngapi?

Kusanya kazi. Ukienda kupima presha nenda na dawa yake, badilisha dripu kabla haijaisha, mgeuze, mpe chombo cha kukojolea, vyote kwa mkupuo mmoja halafu muache apumzike angalau dakika 90 mpaka 120 bila kuguswa. Kama hali yake imetulia muulize dokta kama vipimo vya usiku wa manane bado vinahitajika (aliye mahututi hapana, huyo vipimo vyake havirukwi). Taa kubwa zizimwe, tumia tochi ukiielekeza sakafuni. Tairi la troli linalopiga kelele lipakwe mafuta. Maongezi ya pale kaunta ya manesi yanasikika mpaka kitanda cha mwisho, hilo kila aliyewahi kulazwa atakwambia. Wape vizibo vya masikio na kitambaa cha macho wanaotaka, na mchana fungua mapazia mwanga uingie, wakae kwenye kiti, watembee wanaoweza.

HATUA YA 5: Mfundishe tabia za kitandani

Saa ya kuamka iwe ileile kila siku hata kama hakulala. Kitanda kiwe cha kulala, sio cha kushika simu. Usingizi usipokuja kwa kama dakika 20 (akadirie tu, asikodolee saa) aondoke kitandani, akae mahali penye mwanga hafifu, arudi akisinzia. Kwa mgonjwa anayeweza kuanguka hii ya kunyanyuka irekebishe, mkalishe tu palepale. Mafunzo ya kubadili mawazo na tabia za kulala ndo matibabu ya kwanza ya kukosa usingizi sugu, yanatangulia vidonge, kwahiyo kama kuna mtaalamu mpeleke.

HATUA YA 6: Dawa ikibidi

Muda mfupi, dozi ndogo, mgonjwa awe ameshaenda chooni na kengele ipo mkononi. Kitanda kishushwe chini. Mzee aliyepewa kidonge cha usingizi akiamka kwenda chooni anaanguka, nyonga inavunjika. Na aliyezoea kidonge kila siku kwa muda mrefu usimkatishe ghafla, anaweza kupata degedege, kinapunguzwa kidogokidogo na dokta.

Kwenye faili usiandike "amelala vizuri". Andika alilala saa ngapi mpaka saa ngapi, aliamka mara ngapi, sababu nini, na yeye mwenyewe asubuhi anasemaje.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Dada asante kwa somo. Mama yangu ana miaka 78, usiku halali anazunguka nyumba nzima, mchana ndo anakoroma kwenye kochi. Jirani kaniambia nimpe vile vidonge vya mafua vinavyolewesha, vina shida?

Jibu: Usimpe mpendwa. Vidonge hivyo huwa na dawa za mzio za zamani, na kwa wazee zinaleta kuchanganyikiwa, mkojo kuziba, choo kigumu na kuanguka. Anza na mchana wake, asubuhi akae kwenye mwanga, usingizi wa mchana usizidi nusu saa na usivuke saa tisa. Kama huku kuzunguka kumeanza ghafla ndani ya siku chache mpeleke hospitali, inaweza kuwa maambukizi, mkojo umeziba au dawa mpya.

Swali: Nina mgonjwa wa mashine ya CPAP (ile inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisijifunge usingizini), kila usiku anaivua anasema inambana roho. Nimlazimishe?

Jibu: Kulazimisha hakufai, atakuchukia wewe na mashine yake. Mchana akiwa macho mshikishe barakoa usoni kwa mkono wake dakika chache, kesho aifunge mikanda, keshokutwa uiwashe. Angalia saizi, barakoa ikivuja hewa inapiga machoni, wewe ukikaza mikanda ndo vidonda vya pua. Mashine nyingi zina sehemu ya kuanza na hewa kidogo inayopanda taratibu, iwashe. Pua ikikauka weka maji kwenye chombo cha unyevu. Na hata usingizi wa mchana aivae.

Swali: Eti anayetembea usingizini ukimwamsha anakufa?

Jibu: Hapana hafi, ila anaweza kushtuka akakupiga bila kujua. Mwongoze taratibu kwa sauti ya chini umrudishe kitandani. Kazi kubwa ni kufunga milango na madirisha, kuondoa vyenye ncha, asilale juu karibu na ngazi.

Swali: Kaka yangu miguu inamtambaa ndani kwa ndani kila jioni akilala, akinyanyuka kutembea inaacha. Tumepaka dawa zote za misuli hamna kitu.

Jibu: Hiyo sio misuli, inaelekea ni ugonjwa wa miguu isiyotulia. Apimwe ferritini (akiba ya madini chuma mwilini), ikiwa 75 kushuka chini (maikrogramu kwa lita) dokta anaweza kumpa madini chuma hata kama damu yenyewe haijapungua. Apimwe na figo. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika na zile dawa za mzio zinaongeza tatizo, awatajie wanaomtibu kila anachomeza. Kahawa na pombe za jioni aache kwanza uone.

Swali: Na sisi tunaotoka shifti ya usiku tufanyaje, mimi nikifika nyumbani usingizi umeruka.

Jibu: Vaa miwani ya jua wakati wa kurudi, kahawa ya mwisho iwe kabla ya katikati ya shifti, chumba kiwe giza na simu mbali. Kama macho yanafumba usiendeshe, lala nusu saa palepale kazini ndo uondoke.