Majani Yakigeuka Kahawia, Angalia Kwanza Yameanzia Wapi

Kabla hujakimbilia agroveti kununua dawa, chuma jani moja lililoharibika ulitazame juu na chini mchana kweupe. Ukahawia wa nchani, wa ukingoni na wa madoadoa kila mmoja una chanzo chake, na dawa ya ukungu haiwezi kuponya jani lililounguzwa na chumvi.

Ncha zimekauka, sehemu nyingine ni kijani

Kwa maua ya ndani mjini Nakuru, shuku maji. Visima virefu vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi nyingi, ile ile inayoyatia meno ya watoto rangi ya kahawia. Mmea huinyonya pamoja na maji. Maji yakishatoka kwenye jani kama mvuke, floraidi hubaki na kujikusanya nchani hadi sehemu hiyo ife. Drasena, ua la ndani lenye majani marefu, huathirika upesi sana.

Kuchemsha maji hakusaidii. Kunazidisha tatizo, maana maji hupungua na floraidi haiendi popote. Kuyalaza kwenye ndoo usiku kucha huondoa klorini ya bomba tu. Suluhisho rahisi ni maji ya mvua: acha mvua ioshe mabati kwa dakika kumi hivi, kisha elekeza gata kwenye tangi. Kichujio cha mkaa wa mifupa nacho hupunguza floraidi, lakini kama unacho, maji yake waachie watu wanywe. Usitie mbolea ya TSP kwenye vyungu hivyo, kwa sababu mbolea za fosfeti huwa na floraidi pia.

Ukiona utando mweupe juu ya udongo au kwenye mdomo wa chungu, hiyo ni chumvi ya maji na mbolea. Ioshe: chungu cha lita 5 kimwagie lita 10 za maji ya mvua polepole, yote yachuruzike chini, na umwage yanayobaki kwenye kisahani. Rudia kila baada ya miezi miwili au mitatu.

Kingo zimeungua

Kwenye sukuma wiki na mahindi, mara nyingi mkosaji ni mkono uliotia mbolea. Punje za mbolea ya CAN zikinasa kwenye kikonyo cha jani au katikati ya mhindi, pale majani machanga yanapochomoza, huvuta maji kutoka kwenye jani na kuliunguza. Weka kijiko kimoja cha chai kwa kila mche, sentimita 10 kutoka kwenye shina, udongo ukiwa na unyevu, kisha ufukie. Samadi ya kuku ikiwa mbichi huunguza vivyo hivyo. Ioze kwa miezi mitatu hivi kwanza.

Kama hukutia kitu na kingo za majani ya chini, yale yaliyozeeka, ndizo zinazokauka, huenda potasiamu, kirutubisho cha mmea, imepungua. Kwenye udongo wenye asidi, kama ulivyo sehemu nyingi za Kakamega na Kisii, majivu ya kuni husaidia kwa kuongeza potasiamu na kupunguza asidi. Usiyachanganye na CAN wala samadi, kwani naitrojeni itapotea hewani.

Madoa kwenye nyanya na viazi

Hapa ndipo haraka inahitajika. Madoa yenye miduara ndani ya miduara, yakianzia majani ya chini, ni ugonjwa wa blaiti ya mapema, nao huenea polepole. Madoa makubwa yanayoonekana kana kwamba yameloweshwa maji, yenye utando mweupe upande wa chini asubuhi, ni blaiti chelewa. Baridi na unyevu wa Molo na Njoro huifaa sana, na shamba linaweza kuisha kwa siku chache.

Mankozebu, dawa ya ukungu, hukinga, haiponyi: nyunyiza kabla mvua haijashika, kwa kipimo kilicho kwenye lebo, na ufikie upande wa chini wa majani. Acha sentimita 60 kati ya miche ya nyanya, ondoa majani yanayogusa udongo, mwagilia asubuhi kwenye mizizi. Miche iliyougua ing'oe na uifukie mbali. Usiirundike kwenye mboji.

Udongo una maji lakini mmea umenyauka

Hili ni la tambarare za Kano, Kisumu, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Maji yakituama mizizi hukosa hewa, huoza, na majani hugeuka kahawia kama yenye kiu. Wengi huongeza maji, na hapo ndipo wanaumaliza mmea. Chimbua kidogo: mizizi mizima ni myeupe na migumu, iliyooza ni ya kahawia, laini, na inanuka. Panda kwenye matuta ya sentimita 30. Kwa vyungu, chomeka kidole hadi kiungo cha pili. Ukigusa unyevu, subiri.

Jani lililokwisha kuwa kahawia halirudi kijani. Likate kwa makasi, ukiacha uzi mwembamba wa sehemu iliyokauka ili usijeruhi sehemu nzima, kisha kagua majani mawili au matatu mapya yatakayochipuka.