Somo: Jinsi ya kuunda ushirikiano wa usalama mtaani na kumaliza kero moja baada ya nyingine

Wakuu, salaam.

Ujumbe ninaopata ni ule ule: "Mtaani kwetu kuna kelele, taka zinatupwa ovyo, vijana wanakaa kwenye ngazi hadi usiku wa manane. Tuanzie wapi?" Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka, na sipendi kumjibu mtu kwa mkato kwenye jambo linalomkosesha usingizi. Nimeandika yote hapa. Atakayeniuliza tena nitamwelekeza huku.

Ninaposema ushirikiano wa usalama simaanishi doria. Namaanisha wakazi, polisi, uongozi wa mtaa na wale wenye dhamana ya taa, taka na barabara, wote wakikaa meza moja kushughulikia kero kwa utaratibu. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1998 inayozilazimisha halmashauri na polisi kufanya hivyo pamoja. Chicago ilianza mwaka 1993 na vikao vya mara kwa mara kati ya askari wa eneo na wakazi wake. Ninyi hamhitaji kusubiri sheria.

Hatua ya 1. Tafuteni watu watano hadi saba wa kuanzia. Wasiwe wa ukoo mmoja wala chama kimoja.

Hatua ya 2. Jitambulisheni kwa uongozi wa mtaa na kituo cha polisi kabla ya kikao cha kwanza. Kila ofisi iwape jina la mtu mmoja wa kuwasiliana naye.

Hatua ya 3. Iandikeni kero, msimwandike mtu. Hapa someni polepole, maana hatua hii iliwahi kutuvunjia kundi. Kikao cha kwanza kilifunguliwa kwa swali "nani anatusumbua?", na ndani ya dakika chache yakawa majina matupu. Mama mmoja akasikia mwanawe akitajwa mbele ya umati. Aliondoka, na nyumba zote za upande wake hazikurudi kwa muda mrefu. Kero yenyewe hatukuigusa siku ile.

Fungueni daftari. Kila tukio liwe na siku, saa, mahali, kilichotokea na nyumba ngapi zimeathirika. Mfano: "Ijumaa, saa 5:40 usiku, muziki wa sauti ya juu, jengo la kona. Umezimwa saa 8:15. Nyumba tatu zimelalamika." Basi. Msiandike "wahuni wale wale". Andikeni mlichokiona na kukisikia. Fanyeni hivyo kwa wiki nne kabla ya kuamua lolote.

Tahadhari za hatua hii, na sizisemi kwa kujaza ukurasa:

Msirushe picha ya mtu kwenye kundi la WhatsApp mkiuliza "mnamjua huyu?" Mgeni aliyepotea njia anaweza kupigwa kwa sababu ya picha hiyo, na mkono ulioituma utakuwa wenu.

Daftari lishikwe na watu wawili, lisizunguke nyumba kwa nyumba.

Uhalifu halisi, kama wizi, kipigo au ukatili wa nyumbani, hauandikwi ukasubiri kikao. Unaripotiwa polisi saa ile ile. Daftari ni la kero zinazojirudia.

Hatua ya 4. Chagueni kero moja tu. Iwe inayoonekana na inayowezekana kumalizwa ndani ya miezi michache. Kundi linaloanza na kero kumi halimalizi hata moja, na watu wanaacha kuja.

Hatua ya 5. Tafuteni chanzo kabla ya dawa. Kero inayojirudia huwa na pande tatu: anayeifanya, anayeumia na mahali inapotokea. Wengi wetu tunakimbilia upande wa kwanza, wakati mahali ndipo penye urahisi wa kubadilika. Tuseme daftari linaonyesha kelele za ngazini zinaanza saa 12 na nusu jioni, siku za wiki tu. Ukiuliza, unakuta geti la uwanja wa michezo linafungwa saa 12, ila Jumamosi na Jumapili linaachwa wazi hadi usiku. Vijana hawakuja ngazini kwa ukorofi, wamefungiwa nje. Mazungumzo na mwenye funguo yatafanya kazi ambayo doria ya mwaka mzima isingeifanya. Na vijana wenyewe waulizeni, tena mapema. Wao ndio wanaojua geti linafungwa saa ngapi.

Hatua ya 6. Kila kazi iwe na jina la mtu na tarehe. "Tutafuatilia" isiingie kwenye kumbukumbu za kikao.

Hatua ya 7. Pimeni kero, msipime vikao. Herman Goldstein, profesa wa sheria aliyewafundisha polisi wengi duniani kufikiri kwa kuanzia na tatizo, alianza makala yake ya mwaka 1979 kwa habari ya mabasi ya Uingereza. Abiria walilalamika kwamba madereva wanapita vituoni bila kusimama, wakiwapungia mkono. Jibu walilopewa ni kwamba dereva hawezi kufuata ratiba yake akilazimika kusimama kupakia abiria. Kila kundi la mtaa linaweza kufika hapo: vikao vimefanyika, mihtasari imeandikwa, na muziki bado unapigwa saa 8 usiku. Baada ya miezi mitatu rudini kwenye daftari, mlinganishe wiki nne za mwanzo na wiki nne za sasa. Kama idadi haijashuka, mmekosea chanzo. Rudini hatua ya 5 bila kulaumiana.

Hatua ya 8. Warudishieni wakazi majibu, hata yakiwa mabaya. Karatasi moja ubaoni: tuliambiwa nini, tumefanya nini, nini kimeshindikana na kwa nini.

Maswali karibuni.

---

Jirani wa Ghorofani: Asante mkuu. Sasa hao vijana wa kwenye ngazi tunawafukuzaje?

Mwandishi: Hatua ya 5. Mfano niliouweka ni wa ngazi hizo hizo.

Jirani wa Ghorofani: Nimeona, ila wa kwetu ni wakorofi kweli.

Mwandishi: Daftari lako la wiki nne linasemaje? Kama huna, anza leo usiku.

Mama Kijani: Kaka, nina swali linanisumbua. Tukifanikiwa hapa kwetu, si tutakuwa tumewahamishia kero majirani wa mtaa wa pili? Sitaki nilale mimi, mwenzangu akeshe.

Mwandishi: Dada, hili ni swali zuri na watafiti wamelihangaikia. David Weisburd na wenzake walifanya utafiti Jersey City, Marekani, uliochapishwa mwaka 2006. Walichagua sehemu mbili zenye biashara ya ngono na dawa za kulevya, polisi wakaongeza nguvu hapo tu, kisha wakafuatilia mitaa inayozizunguka. Hawakuona uhalifu ukihamia jirani. Walichokiona ni maeneo ya jirani nayo kupata nafuu. Sababu mojawapo ni kwamba mahali pa kufanyia jambo baya hapapatikani kirahisi: lazima pawe pamejificha, pazoeleke na pafikike. Lakini hilo lisitufanye tubweteke. Kila unapopima mtaa wako, muulize mjumbe mmoja wa mtaa jirani naye anaona nini. Bora zaidi, mwalikeni kikaoni tangu mwanzo.

Mama Kijani: Nimekuelewa. Tutamwalika.

Mzee wa Kona: Sisi tunataka tuanze na doria ya fimbo na tochi. Vikao vinachelewesha.

Mwandishi: Mzee wangu, shikamoo. Kwa heshima zote, sikubaliani. Doria isiyojulikana polisi, isiyo na orodha ya walio zamu na isiyo na kanuni ya nini kifanyike mtu akikamatwa, itaumiza mtu asiye na hatia. Na hata mwenye hatia haki yake ya kufikishwa mbele ya sheria haipotei. Kama ni lazima mwe na doria, ipitie polisi kwanza, watu watembee wawili wawili au zaidi, tochi na simu vinatosha. Kazi yenu ni kuona na kuripoti. Fimbo ziacheni nyumbani.

Mzee wa Kona: Marahaba. Nitalipeleka kwa wenzangu.

Mpita Njia: Somo refu sana, weka ufupisho.

Mwandishi: Soma hatua ya 3. Nyingine utazirudia ukizihitaji.

Mpangaji Mpya: Mkuu, mimi ni mpangaji. Kwetu wanaokuja vikaoni ni wenye nyumba tu, na wakiamua wanaamua kwa niaba yetu. Hili linatibika?

Mwandishi: Linatibika, na asante kwa kulisema. Hata Chicago liliwakuta. Wesley Skogan, aliyeufuatilia mpango wa kule kwa miaka mingi, aliona kwamba wenye nyumba na watu wa makamo ndio wanaojaa vikaoni, huku wapangaji, vijana na wenye asili ya Amerika ya Kilatini wakipungua. Kinachosaidia ni kuwafuata watu walipo badala ya kuwasubiri ukumbini. Badilisheni saa ya kikao: kikao kimoja jioni, kingine wikendi asubuhi. Pangeni nafasi za kamati kwa makusudi: mpangaji mmoja, kijana mmoja, mtu mwenye ulemavu mmoja, na wanawake wasiopungua nusu. Kabla ya uamuzi mkubwa, pigeni hodi kila mlango na swali moja tu: "Ni kitu gani hapa kinakunyima amani?" Utashangaa majibu yanavyotofautiana na ya ukumbini. Ukumbini watasema vijana. Mlangoni mama atakwambia taa imeungua na anaogopa kutoka alfajiri kwenda kazini.

Fundi wa Taa: Umegusa taa, naomba niongeze. Watu wanadhani taa ni kwa ajili ya usiku tu. Tulipobadilisha zile zilizoungua, hata mchana njia ile ilianza kupitwa na watu wengi.

Mwandishi: Kweli kabisa, fundi. Brandon Welsh na David Farrington walikusanya tafiti za taa za barabarani na kuona uhalifu ulipungua palipoboreshwa, mchana nao haukubaki nyuma ya usiku. Wanadhani ni kwa sababu watu huona eneo lao linathaminiwa, nao wanaanza kulilinda. Swali kwako: mkazi wa kawaida aripoti vipi taa iliyoungua ili isipotelee ofisini?

Fundi wa Taa: Nguzo nyingi zina namba. Andika namba ya nguzo, si "ile ya karibu na mti". Kama haina namba, piga picha mchana ionyeshe nguzo na kitu kisichohama, jengo au njia panda. Na useme taa ina tatizo gani: haiwaki kabisa, inawaka na kuzima, au inawaka mchana. Kila moja ina ufundi wake, ukisema mapema fundi anakuja na kifaa sahihi.

Mwandishi: Hii naiongeza kwenye somo. Asante sana.

Sauti ya Mtaa: Sisi tumelalamika kila ofisi hakuna majibu. Hizi hatua zako hazifanyi kazi.

Mwandishi: Mmelalamika kwa maandishi? Mnazo nakala zenye tarehe?

Sauti ya Mtaa: Kwa mdomo.

Mwandishi: Basi hatua hazijajaribiwa bado. Nakuelewa uchungu wako, ila ofisi haiwezi kubanwa kwa neno la mdomo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2014 inampa aliyesumbuliwa haki ya kudai shauri lake lipitiwe upya na ofisi zote kwa pamoja, na kigezo cha kudai hivyo hakiruhusiwi kuzidi malalamiko matatu ndani ya miezi sita. Angalieni kinavyotegemea kuhesabu. Hata pasipo na sheria kama hiyo, barua tatu zenye tarehe, muhuri wa kupokelewa na kurasa za daftari ni mzigo ambao mkubwa wa ofisi hapendi kuukuta mezani. Andika ya kwanza kesho, nitumie nikusaidie kuipanga.

Sauti ya Mtaa: Nitafanya hivyo. Samahani kwa ukali.

Mwandishi: Hakuna kosa. Umenyimwa usingizi.

Mama Kijani: Jamani, hilo daftari, mnatumia la karatasi au la kwenye simu?

Mwandishi: Karatasi kwa kuandikia, kisha kila Jumapili mmoja anapiga picha kurasa za wiki na kumtumia mshika daftari wa pili. Simu huibiwa na karatasi hulowa, mara chache vyote kwa siku moja.

Fundi wa Taa: Na kalamu ya wino usiofutika, siyo penseli.