Somo: Kusoma inveta ya sola kwa nyaya mbili na Home Assistant

Januari tulipata mawingu siku tatu mfululizo hapa Mikindani, na friza ya shangazi ikazima usiku bila mtu kujua. Asubuhi tukakuta tasi na changu wamelainika, maji mekundu yanachuruzika mpaka mlangoni. Inveta ina kioo kinachoonyesha asilimia ya betri, lakini nani ataenda kusimama stoo saa nane usiku kusoma kioo? Programu ya simu iliyokuja na inveta inapitia seva za mbali, na bando letu lilikuwa limeisha tangu jana yake. Ndipo nikaamua namba zikae nyumbani, kwa Home Assistant, programu ya kusoma na kuendesha vifaa vya nyumba bila seva ya mbali.

Inveta yangu ni Deye ya kilowati 5, fezi moja, na betri ya lithiamu ya volti 51.2 na Ah 100, yaani kama kWh 5.1. Mwenye aina nyingine inayotumia Modbus (lugha nitakayoieleza chini) afuate hatua, ila namba za rejista, yaani visanduku vya kumbukumbu ambamo inveta huweka namba zake, atafute za kwake. Asinakili kichwakichwa.

Vifaa

Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo, nitaiita Pi) na chaja yake halisi ya ampea 3 (chaja ya simu itakuletea maruweruwe). Adapta ya USB kwenda RS485 (mawasiliano ya nyaya mbili), kile kidude chenye skrubu mbili zilizoandikwa A na B. Kipande cha kebo ya netiweki chenye kichwa cha RJ45 upande mmoja, upande wa pili kimekatwa. Memori kadi, au bora zaidi SSD.

Hatua ya 1: Programu

Home Assistant ni ya bure. Fungua Raspberry Pi Imager kwenye kompyuta, ichague humo, iandike kwenye kadi, chomeka kadi kwenye Pi, unganisha na ruta. Subiri, mara ya kwanza inachukua muda. Halafu kwenye kivinjari fungua homeassistant.local:8123. Kwenye saa za eneo chagua Africa/Dar_es_Salaam.

Pi ichomeke upande wa umeme wa inveta unaobaki TANESCO ikikatika, na ruta vilevile. Nimeona mtu kachomeka Pi kwenye soketi ya TANESCO tupu. Umeme ukikatika, mlinzi naye analala.

Hatua ya 2: Nyaya

Upande wa paneli usiuguse kabisa. Paneli zikiungwa mfululizo zinatoa volti mia kadhaa za DC, na jua halina swichi. Sisi tunashughulika na tundu la RS485 tu, ambalo volti zake ni ndogo.

Fungua kitabu cha inveta uone pini zipi ni A na B. Zinatofautiana toleo hadi toleo, hata za kampuni moja, kwa hiyo siwatajii zangu. Tumia nyaya mbili za jozi moja iliyosokotwa pamoja: rangi kamili na mwenzake mwenye mistari. Usiokote mmoja huku na mwingine kule, maana ule msokoto ndio unaopunguza kelele za umeme. RS485 inaweza kufika mita 1,200, hivyo kutoka stoo hadi sebuleni ni jirani kabisa.

Hatua ya 3: Namba moja tu

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanabandika rejista 60 kwa mpigo, kosa likitokea hawajui lilipo. Anza na moja. Kwenye Deye ya fezi moja, asilimia ya betri iko rejista 184. Weka hii kwenye configuration.yaml, faili la mipangilio la Home Assistant:

```
modbus:
  - name: inveta
    type: serial
    method: rtu
    port: /dev/ttyUSB0
    baudrate: 9600
    bytesize: 8
    parity: N
    stopbits: 1
    sensors:
      - name: Chaji ya betri
        slave: 1
        address: 184
        input_type: holding
        unit_of_measurement: "%"
        scan_interval: 30
```

Washa upya, kisha nenda stoo na simu mkononi. Kioo kikisema 76 na simu ikasema 76, endelea. Isipotokea kitu, badilisha nafasi za nyaya za A na B kabla hujamlaumu yeyote. Hakuna kitakachoungua.

Modbus ni lugha ya viwandani ya tangu 1979: mmoja anauliza, mwingine anajibu. Inveta haisemi mpaka iulizwe. Sisi tunauliza tu. Rejista nyingi zinaandikika pia, na humo mna mipangilio ya kuchaji betri. Usiandike chochote humo kwa kujaribujaribu.

Hatua ya 4: Ongeza polepole

Volti ya betri ni 183 (zidisha kwa 0.01), wati za paneli ni 186 na 187, matumizi ya nyumba 178, wati za betri 190, umeme wa jua wa siku nzima 108 (zidisha kwa 0.1 upate kWh).

Hiyo 190 ilinichezesha shere. Saa tano mchana, jua kali, Home Assistant ikaniambia betri inatoa wati 65,124. Nikaenda mbio stoo nikijua nakuta moshi. Kioo kimetulia: betri inachaji, wati 412. Jumlisha hizo mbili upate 65,536. Rejista ina biti 16, na kwangu kuchaji huandikwa kwa namba hasi. Mimi nilikuwa nimeweka data_type: uint16, isiyojua hasi, basi ikaigeuza kuwa chanya kubwa. Nikaweka int16, ikasoma -412.

Hatua ya 5: Kengele

Tengeneza amri: chaji ikishuka chini ya 30, toa taarifa. Taarifa za kawaida za simu hupitia intaneti, na bando likiisha tumerudi palepale. Mimi nimeweka taa ya Wi-Fi chumbani kwa shangazi, aina inayoendeshwa humohumo ndani bila seva ya nje. Ikiwaka nyekundu, anazima feni na kila kitu isipokuwa friza. Anaiita taa ya tasi.

MASWALI YA WANACHAMA

Masasi: Mkuu, yangu ni zile za Axpert, haina RS485. Nimekwama?

Hujakwama, ila somo hili si lako. Hizo huongea kwa RS232 kwa kasi ya 2400, kwa amri za maandishi kama QPIGS, siyo Modbus. Tafuta programu iliyotengenezwa kwa ajili yake. Ukiweka mipangilio yangu utakesha.

Nachingwea: Kaka, nina laptopu ya zamani. Lazima ninunue Pi?

Si lazima, dada, itafanya kazi. Piga hesabu tu: Pi ikila wati 5, kwa saa 24 ni Wh 120. Laptopu ikila wati 20 ni Wh 480, karibu asilimia 9 ya betri kama yangu, kila siku.

Lindi mjini: Ilisoma vizuri wiki nzima. Jana umeme ulizimika wote, kuwasha tena haisomi, na grafu zina tarehe za ajabu.

Mambo mawili hayo. Adapta inaweza kubadilika ikawa ttyUSB1, kwa hiyo tumia njia yake ndefu iliyo ndani ya /dev/serial/by-id/, haibadiliki. Tarehe ni kwa sababu Pi 4 haina saa yenye betri, inachukua saa kutoka intaneti. Washa ruta kwanza, bando liwepo, ndipo uwashe Pi. Na kadi yako iangalie, kuzimika ghafla ndiko kunakoziua.

Newala: Mimi niko Dar, nyumba iko Newala. Nitaionaje?

Usifungue mlango wowote (port) kwenye ruta, na kwa laini za simu mara nyingi hata haufunguki. Weka Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa njia ya siri kupitia intaneti, kwenye Pi na kwenye simu yako.

Kilwa Masoko: Niko mita chache kutoka baharini. Skrubu za adapta zimeota ukijani, inasoma na kukata.

Chumvi hiyo. Kata ncha za waya sentimita mbili mpaka uone shaba safi, badilisha adapta, halafu ifungie kwenye boksi la plastiki lenye mpira. Tundu la waya litoboe chini ya boksi, siyo juu.