Jinsi ya kumpendekezea mtu filamu asiyoijua, naye akaitazama hadi mwisho

Ukimpa mtu orodha ya filamu kumi, hatatazama hata moja. Mpe moja tu, iliyochaguliwa kwa ajili yake, na umwambie mapema ni wapi huenda akachoka. Filamu nyingi za nje na za watengenezaji wadogo huzimwa dakika ya kumi na tano si kwa ubaya wake, bali kwa kuwa mtazamaji alitarajia kitu kingine.

Usimuulize anapenda filamu za aina gani, maana atakujibu "zozote." Muulize ni ipi ya mwisho aliyoitazama bila kushika simu. Jibu hilo ndilo la kufanyia kazi.

Akitaja ya polisi na majambazi, mpe Infernal Affairs ya Hong Kong (2002), ya Andrew Lau na Alan Mak. Ndiyo iliyozaa The Departed ya Martin Scorsese, kwa hiyo aliyeiona hiyo ataifuata hadithi bila shida: polisi kajipenyeza kwenye genge, na mtu wa genge kajipenyeza polisi. Inapokwamia ni mwanzoni, kwa sababu wahusika wakuu wawili wakiwa vijana wanaigizwa na watu wengine kabisa. Mwambie hilo kabla ya kuanza, la sivyo dakika ya ishirini atakuwa bado anauliza nani ni nani.

Mpenzi wa sinema za Kihindi, na Nairobi hawakosekani, mpe The Lunchbox ya Ritesh Batra (2013). Chakula ambacho Ila anampikia mumewe kinapelekwa kwa makosa kwa karani anayekaribia kustaafu, aliyeigizwa na Irrfan Khan, na barua zinaanza kupita ndani ya mkebe wa chakula. Sema wazi kwamba hakuna dansi na kwamba mwisho umeachwa wazi. Asiyeambiwa hili la pili hukasirika, na ana haki.

Nyumba yenye watoto ndiyo rahisi kuliko zote, na hapa ndipo sinema ya Iran haina mpinzani. Katika Children of Heaven ya Majid Majidi (1997), Ali anapoteza viatu vya dadake, Zahra, na wawili hao wanalazimika kutumia jozi moja: dada anavivaa asubuhi, kisha anakimbia kumpokeza kaka ili naye awahi shule. Tazama pale kiatu kinapomponyoka Zahra na kuchukuliwa na maji ya mtaro, naye akikifukuza kando kando. Hakuna maneno ya kusoma hapo, na mtoto wa miaka saba anaelewa yote. Baadaye Ali anaingia mbio akitaka kuwa wa tatu, si wa kwanza, kwa sababu zawadi ya wa tatu ni viatu. Mweleze mtoto hilo moja kabla mbio hazijaanza, kwa kuwa limo kwenye maandishi ya chini (tafsiri ya maneno inayotokea chini ya picha) na likimpita, mwisho wote unampotea.

Supa Modo ya Likarion Wainaina (2018) ni ya hapa hapa Kenya, dakika 74, kuhusu msichana anayetamani kuwa shujaa wa sinema huku akiugua ugonjwa usiopona. Ni nzuri sana. Lakini nyumba iliyozika mtoto karibuni usiipelekee bila kusema inahusu nini.

Jambo linaloharibu mapendekezo mengi ni maandishi ya chini. Watazamaji wengi hapa wamelelewa na DJ Afro, aliyewasimulia filamu kwa Kiswahili juu ya picha, na kusoma huku unatazama ni zoezi jingine. Anza na filamu fupi yenye maneno machache: La petite vendeuse de Soleil ya Djibril Diop Mambéty (1999) ni dakika 45 tu, kuhusu Sili, msichana wa Dakar anayetembelea magongo na kuamua kuuza magazeti kama wavulana. Asiyetaka kusoma kabisa aanze na Vuta N'kuvute ya Amil Shivji (2021), iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Ni ya Zanzibar, na Kiswahili chake kinamtosha Mnairobi.

Kwenye simu, fungua mipangilio ya maandishi, yaongeze ukubwa na uyawekee kivuli cheusi nyuma, kwani herufi nyeupe hupotea penye mchanga au anga. Ukitumia faili kwenye VLC, programu ya kuchezea video, ya kompyuta na maandishi yakachelewa kwa kiasi kile kile mwanzo hadi mwisho, yasogeze kwa vitufe G na H. Yakizidi kuachana na sauti kadiri filamu inavyoendelea, usihangaike na vitufe: mara nyingi yalitengenezewa toleo lenye kasi nyingine ya picha, kwa mfano 25 kwa sekunde badala ya 24. Tafuta faili nyingine ya maandishi.

Hesabu pia muda na bando. Mtu anayefika nyumbani Rongai au Kitengela, nje ya jiji, saa mbili usiku hana nafasi ya filamu ya saa mbili siku ya kazi, basi This Is Not a Burial, It's a Resurrection ya Lesotho, ambayo ni saa mbili kamili na ya polepole, iwekee Jumapili mchana. Picha ya kawaida hula karibu GB 1 kwa saa, na ile kali hufika GB 3. Mshauri apakue mapema penye waifai.

Ukituma jina, tuma na mwelekezi na mwaka. Soul Boy ya Hawa Essuman, iliyopigwa Kibera, ilitoka 2010, na mwaka huo huo Uingereza ikatoa filamu yenye karibu jina hilo kuhusu vijana na muziki wa dansi. Mwaka peke yake hautamwokoa.

Touki Bouki ya Mambéty yule yule (1973) usianze nayo kwa mtu yeyote, japo ni kazi kubwa: machinjio ya ng'ombe yanaonyeshwa mapema, bila kuficha. Iweke ya tano au ya sita. Na ukitaka kuonyesha filamu ukumbini au uwanjani mtaani, utahitaji idhini ya mwenye filamu na leseni ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya.

Akimaliza, usimuulize kama aliipenda. Muulize ni kipande gani kimebaki kichwani. Akitaja mbio za Ali, inayofuata ni Where Is the Friend's House? ya Abbas Kiarostami (1987). Akitaja wazazi na ukata wa nyumbani, mpeleke kwa Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica (1948). Akisema hakumbuki chochote, rudi kwenye swali la simu.