Kupanga foleni za ActiveMQ ili ankara na SMS zisigombanie oda

Ofisini kwetu hapa Arusha, oda moja ya safari inasubiriwa na programu mbili: ya ankara, na ya kumtumia mgeni SMS. Mwanzoni niliziunganisha zote kwenye foleni moja ya ActiveMQ, seva inayopokea ujumbe na kuupeleka kwa programu zinazousubiri. Huyu akapata SMS bila ankara, yule ankara bila SMS. Foleni ni kama abiria wa daladala pale Kilombero: kila mmoja anapanda gari moja tu.

Topiki ya kawaida nayo ni tangazo la kipaza sauti. Usipokuwepo, limekupita. Kwa umeme wetu huu, sikuithubutu. Dawa ni topiki pepe (virtual topic): kila programu inapata nakala kwenye foleni yake.

Hatua ya 1. Zima ActiveMQ Classic, weka nakala ya `conf/activemq.xml` pembeni.

Hatua ya 2. Chini tu ya `</destinationPolicy>` andika:

```
<destinations>
  <queue physicalName="Consumer.Ankara.VirtualTopic.Oda"/>
  <queue physicalName="Consumer.Sms.VirtualTopic.Oda"/>
</destinations>
```

Mahali ni hapo hapo. Vipengele hivi hufuata alfabeti, ukivichanganya seva inaweza kugoma kuwaka. Wengi huiruka hatua hii kwa kuwa foleni hujiunda yenyewe programu ikiunganishwa mara ya kwanza. Ni kweli, lakini oda iliyotumwa kabla ya foleni kuwepo haimsubiri mtu.

Hatua ya 3. Mtumaji aelekezwe kwenye topiki `VirtualTopic.Oda`, kila programu isome foleni yake.

Hatua ya 4. Ujumbe ukirudiwa mara 6 na bado ukashindikana, kwa kawaida hutupwa `ActiveMQ.DLQ`, kapu moja la wote. Utajuaje wa nani? Ili kila foleni iwe na kapu lake, ndani ya `<policyEntries>` kwenye faili lile lile ongeza:

```
<policyEntry queue=">">
  <deadLetterStrategy>
    <individualDeadLetterStrategy queuePrefix="DLQ."/>
  </deadLetterStrategy>
</policyEntry>
```

Hatua ya 5. Washa seva, programu zote mbili zikiwa zimezimwa. Fungua ukurasa wa usimamizi, mlango (port) 8161 (nywila ya `admin` uibadilishe leo leo). Tuma ujumbe kwenye topiki, ukiweka tiki kwenye `Persistent Delivery` ili uhifadhiwe hata seva ikizimika. Kila foleni ionyeshe 1 inayosubiri. Sasa zima seva, uiwashe tena. Ukikuta 1 na 1, washa programu ya SMS peke yake: foleni yake ishuke hadi 0, ya ankara ibaki 1.