Anza na namba, jina baadaye
Unamtafuta babu aliyepigana Vita vya Kwanza vya Dunia katika jeshi la Uingereza? Kama nishani yake bado ipo, soma maandishi madogo ukingoni: namba, cheo, jina, kikosi. Tafuta kwa namba na kikosi kwanza. Karani aliandika jina alivyolisikia, namba aliinakili tu. Ila namba peke yake itakupoteza: kabla ya 1920 kila rejimenti ilitoa zake, na aliyehama mara nyingi alipewa nyingine. Maofisa hawakuwa nazo kabisa. Majalada mengi ya askari yaliungua London kwa mabomu mwaka 1940, hivyo ukikosa jalada hamia orodha za nishani. Nishani za Vita vya Pili usizigeuzegeuze, Uingereza ilizitoa bila jina.